Kutazama Juno na vijana wa nyumbani: mwongozo kamili wa mzazi, shangazi na mlezi

Mara ya kwanza nilipoiweka filamu ya Juno mbele ya watoto wa kaka yangu, niliiharibu mwenyewe. Kila baada ya dakika kumi nilikuwa nakamata rimoti, nasimamisha picha na kuuliza, "Haya, hapo mmejifunza nini?" Kufika katikati, mkubwa wao alikuwa amelala, wa pili yuko kwenye simu, na mdogo akanitazama kwa huruma akasema, "Shangazi, si uiache tu iende?"

Nimeirudia mara tatu tangu siku hiyo, na vijana tofauti. Mwongozo huu umetokana na makosa yale. Ni wa mzazi, shangazi, mjomba au mlezi yeyote anayetaka kuzungumza na vijana juu ya mimba za utotoni bila kuanza na hotuba, na anayejua kwamba siku hizi somo na kungwi hawapo tena jirani kama zamani. Nitakwambia tangu sasa ninachokiamini: filamu hii inawahusu wakubwa kuliko watoto. Binti anapata mimba ndani ya dakika chache za mwanzo. Muda wote unaobaki tunatazama watu wazima wanavyopokea habari ile, mmoja mmoja, na wengine wanafeli. Ukiiandaa kama onyo kwa binti zako umeikosa.

Kwa asiyeijua: Juno ni msichana wa miaka 16 katika jimbo la Minnesota, Marekani. Anapata mimba kwa rafiki yake wa darasani, Paulie Bleeker. Anafika kwenye kliniki akiwa na nia ya kuitoa, anabadili mawazo akiwa hukohuko, na anaamua kumzaa mtoto na kumtoa aasiliwe na mke na mume aliowaona kwenye tangazo la gazeti. Inachekesha sana, kisha ghafla haichekeshi.

Hatua ya 1: Itazame peke yako, mlango ukiwa umefungwa

Usiruke hatua hii hata kama uliiona zamani. Ni dakika 96 tu. Marekani ilipewa daraja la PG-13, maana yake wazazi wanaonywa kwamba yamo mambo yasiyofaa kwa walio chini ya miaka 13. Uchi haumo. Lakini mwanzoni kabisa kuna kumbukumbu ya siku ile kwenye kiti kikuukuu, sekunde chache tu, na mazungumzo ya filamu nzima yamejaa utani wa kitandani. Kama unajijua kwamba utakohoa, utainuka kwenda jikoni au utaanza kuuliza habari za chakula, ni afadhali ukohoe leo ukiwa peke yako.

Jambo la pili ni lugha. Aliyeandika hadithi, Diablo Cody, aliwapa vijana wake Kiingereza cha mtaani ambacho kwa sehemu kubwa alikitunga mwenyewe. Hata anayefundisha Kiingereza sekondari atapotea mara kadhaa. Washa maandishi ya Kiingereza chini ya picha, na kijana akikuuliza neno fulani lina maana gani, kubali kwamba hujui. Kukubali huko kutakusaidia baadaye, utakapotaka na yeye aseme asichokijua.

Ukitaka la kuwaeleza kabla ya kuanza, haya yanatosha. Ilikuwa hadithi ya kwanza ya Cody kufanywa filamu, na ikampa tuzo ya Oscar ya hadithi asilia mwaka 2008. Mwongozaji ni Jason Reitman. Ilionyeshwa kwenye tamasha la Toronto Septemba 2007, ikatoka kwenye kumbi za Marekani Desemba mwaka huohuo. Gharama yake haikufika dola milioni 8, na iliingiza zaidi ya dola milioni 230 dunia nzima. Hadithi ni ya Minnesota lakini picha zilipigwa Kanada, upande wa Vancouver. Mwigizaji mkuu ni Elliot Page, ambaye kwenye nakala nyingi utamkuta kwa jina alilotumia kabla ya mwaka 2020. Vijana wakiuliza, jibu kwa sentensi moja kisha endelea.

Hatua ya 2: Chagua nani akae sebuleni

Mimi naanzia miaka 14. Aliye chini ya hapo atacheka penye utani na kukosa mengine yote.

Wavulana lazima wawepo. Hili silijadili. Nyumba nyingi za kwetu mazungumzo ya mimba ni ya wasichana, wavulana wanatumwa dukani. Filamu hii inamweka Bleeker mbele yao: mvulana mwembamba, mpole, mkimbiaji wa riadha, hana ubaya wowote, na bado ni baba wa mtoto. Wavulana wanamcheka kaptura yake dakika ishirini za mwanzo. Baadaye wananyamaza.

Kuna mtu mmoja usimwalike: binti unayemshuku kwamba tayari ni mjamzito. Usiifanye filamu mtego. Nilisimuliwa na mama mmoja aliyefanya hivyo, akakaa muda wote anamtazama mtoto usoni badala ya kutazama picha. Binti alielewa kabla filamu haijafika katikati, na hakusema neno kwa wiki nzima. Kama una shaka, muulize ana kwa ana, mkiwa wawili. Nimeeleza jinsi ya kufanya huko chini.

Watakuwepo pia watakaokupinga. Baba mmoja aliniuliza kama filamu yenye msichana mjamzito mchekeshaji haiwezi kuwatia watoto tamaa. Swali hilo lilishaulizwa Marekani kwenyewe. Mwaka 2008, katika mji wa Gloucester, Massachusetts, wasichana 17 wa shule moja ya sekondari walipata mimba, takriban mara nne ya kawaida ya shule hiyo. Jarida la Time likaandika kwamba walikuwa wamekubaliana kupata mimba, na magazeti yakaitaja Juno miongoni mwa walaumiwa. Meya wa mji akasema hakuna ushahidi wa makubaliano yoyote. Nilimjibu yule baba kwamba kijana wake anaona mengi zaidi ya hayo kwenye simu kila siku, akiwa peke yake, bila mtu wa kumuuliza. Alikuja na mwanawe wa kiume. Hakuniambia aliionaje, ila aliomba nakala.

Hatua ya 3: Siku yenyewe

Jumamosi jioni, baada ya kula. Hakikisha kuna umeme wa kutosha kwenye luku, bisi au karanga zipo, na taa ya sebuleni imezimwa. Giza ni muhimu kuliko unavyodhani, maana katika giza hakuna anayeona uso wa mwenzake. Rimoti mkabidhi kijana. Kisha kaa nao chini, usikae kwenye kiti chako cha baba au cha mama.

Hatua ya 4: Pa kufungulia macho, mdomo ukiwa umefumbwa

Usisimamishe. Usiguune. Kazi yako ni kukumbuka sehemu tano, kwa sababu ndizo utakazozirudia baadaye.

Ya kwanza ni pale Juno anapowaambia baba yake, Mac, na mama yake wa kambo, Bren. Anakuja na rafiki yake Leah pembeni, na wazee wamekaa wanangoja balaa. Tazama wanavyokwenda hatua kwa hatua. Hakuna anayeinua mkono, na hakuna anayemfukuza. Baba anasema wazi kwamba amevunjika moyo, kwamba alidhani binti yake ana akili ya kujua pa kuacha. Hamfichi. Bren naye anageukia vidonge vya kuongeza damu na siku za kliniki. Halafu baba anatangaza kwamba atakwenda naye kuwaona hao watu wanaotaka mtoto, asije akatapeliwa. Lawama ipo, na msaada upo, vyote mchana uleule. Wazazi wengi tunadhani tukitoa msaada kabla ya lawama kukomaa tumeidhinisha kosa. Mac na Bren hawana hofu hiyo.

Ya pili ni chumba cha altrasaundi. Fundi wa kipimo anasikia kwamba mtoto ataasiliwa, anashusha pumzi kwa furaha na kuanza kusema mazingira ya mabinti wadogo yanavyowaharibu watoto. Bren anamgeukia na kumpasha. Mama wa kambo huyo! Katika hadithi zetu mama wa kambo ndiye anayemnyima mtoto chakula, na hapa ndiye anayesimama kati ya mtoto na dharau ya mtu mwenye koti jeupe. Kila niliyetazama naye filamu hii alicheka hapo, na nadhani wengi walikumbuka nesi fulani.

Ya tatu ni dukani, Vanessa anapopiga magoti. Vanessa ni yule mke anayemtaka mtoto. Mpaka hapo tumeshamchoka: nyumba yake safi mno, maneno yake yamepimwa. Juno anamwambia aweke mikono tumboni na azungumze na mtoto. Mtoto anacheza. Hapo mtazamaji mwenye haki anaanza kugundua alikuwa amempima vibaya.

Ya nne ndiyo utakayotaka kuirudia zaidi, nayo ni Mark, mumewe Vanessa. Ni mtunzi wa muziki wa matangazo aliyewahi kuwa kwenye bendi. Ana magitaa, filamu za kutisha, utani, na muda wa bure mchana. Vijana wanampenda mara moja, Juno pia. Anaanza kwenda kwake bila kumwambia mtu. Bren anamwonya kwamba si vizuri kumtembelea mume wa mtu namna ile, Juno anakasirika, na vijana sebuleni wanakasirika pamoja naye. Kisha inafika siku wanacheza muziki wakiwa wameshikana, na Mark anamwambia anamwacha mkewe. Usiseme "niliwaambia." Kaa kimya uwasikilize wanavyobadilika kupumua.

Ya tano ni Bleeker uwanjani. Juno hakumwambia kwamba uchungu umeanza kwa sababu ana mashindano. Anamaliza mbio, anatazama jukwaani, hamwoni. Anaelewa, anakimbia mpaka hospitali na jezi yake.

Mwisho wenyewe nisiukwepe, maana bila huo mazungumzo hayana miguu: Mark anaondoka, Vanessa anabaki, na Juno anamwachia Vanessa barua fupi mlangoni ya kumwambia kwamba kama bado anamtaka mtoto, yeye yupo palepale. Barua ile tunaiona baadaye imewekwa kwenye fremu, ukutani, chumba cha mtoto.

Hatua ya 5: Maswali, na namna ya kuyauliza

Subiri. Filamu ikiisha, waache waende chooni, waoshe vyombo, watanie. Swali la kwanza uliza mikono ikiwa na kazi. Huwa naanza na hili: "Nani hapo alikuudhi?" Usiulize wamejifunza nini, kwa sababu watakujibu kama wanavyomjibu mwalimu.

Wakimtaja Mark, umepata mlango. Uliza waligundua lini kwamba mambo si sawa. Mmoja atasema ni pale kwenye kucheza. Mwingine, kwa kawaida msichana, atasema zamani sana, siku ya kwanza alipomwonyesha magitaa. Waache wabishane. Halafu uliza kama wanamjua mtu mzima wa aina ile, bila kutaja jina: anayependwa na watoto wote, mwenye vitu vizuri, anayesema "usiwaambie, hawatakuelewa." Mkufunzi wa kwaya, bodaboda, jirani mwenye intaneti. Hapo usiharakishe. Mara moja swali hili lilifuatwa na kimya kirefu, na siku mbili baadaye binti mmoja akaja kuniambia jambo lililohitaji kushughulikiwa haraka.

Wavulana waulize hivi: "Bleeker alijua lini, na alifanya nini?" Alijua mapema. Alisema yuko tayari kwa lolote atakaloamua Juno. Wavulana wengi wanaona hilo ni jibu la kiungwana. Wasichana hawakubali. Katika kundi langu la pili msichana mmoja alisema, "Kusema 'utakavyo wewe' ni kukimbia ukiwa umekaa." Sijawahi kuisema vizuri zaidi ya alivyosema yeye.

Kuhusu kliniki, mtaulizana. Nje amesimama mwanafunzi mwenzake peke yake, anapinga, anamwambia kwamba mtoto tayari ana kucha. Ndani ni kucha zile zinazomsumbua Juno, si hoja. Kila nyumba ina imani yake juu ya kutoa mimba, na mwongozo huu haukufundishi imani. Ila wape ukweli wa sheria, kwa sababu kijana asiyejua sheria anaishia mikononi mwa mtu wa mitaani. Tanzania sheria inaruhusu pale tu maisha ya mama yanapohitaji kuokolewa. Kenya, ibara ya 26(4) ya katiba ya mwaka 2010 inaruhusu pale mtaalamu wa afya aliyefunzwa anapoona kuna dharura, au maisha au afya ya mama iko hatarini, au sheria nyingine ikiruhusu. Nje ya hapo ni kosa, na njia za kificho zinaua.

Hatua ya 6: Waambie filamu imefupisha nini

Hapa ndipo filamu inahitaji mtu mzima. Ni vichekesho, imeruka mambo, na vijana wakiyachukua jinsi yalivyo watadhani kumtoa mtoto aasiliwe ni kama kumwachia jirani kuku.

Anza na Minnesota yenyewe, maana hadithi ni ya huko. Juno anaingia kliniki peke yake na hakuna anayemuuliza habari za wazazi. Mwaka ule wa 2007 sheria ya jimbo iliwataka wazazi wote wawili wa binti aliye chini ya miaka 18 waarifiwe saa 48 kabla, isipokuwa jaji akiruhusu vinginevyo. Ilifutwa na mahakama mwaka 2022. Kuasili nako hakukamiliki sebuleni mbele ya mwanasheria kama tunavyoona. Mama hawezi kutia saini ya kukubali kabla ya saa 72 tangu kujifungua, na akishatia saini ana siku 10 za kazi za kubadili mawazo. Akiwa chini ya miaka 18, wazazi wake nao lazima wakubali. Baba wa mtoto ana daftari maalumu la kujiandikisha, mwisho siku 30 baada ya mtoto kuzaliwa, la sivyo anaweza kupoteza nafasi yake. Bleeker wetu hakuandikishwa popote.

Vijana wangu walishangazwa zaidi na zile siku 10. Walijadili mpaka usiku: Vanessa alilala vipi siku hizo?

Halafu wavushe nyumbani. Kenya, chini ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, mtoto hawezi kuasiliwa kabla ya kutimiza wiki 6, lazima chama cha kuasili kilichosajiliwa kimtangaze kuwa huru kuasiliwa, na anayemtaka awe amemlea mfululizo kwa miezi 3 kabla ya kwenda mahakamani. Tanzania bara inafuata Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na mlango wa kuingilia ni afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Kwa familia za Kiislamu neno ni kafala: mtoto analelewa kikamilifu lakini nasaba yake haibadilishwi. Sheria ya Watoto ya Zanzibar ya mwaka 2011 inaitambua, na ya Kenya ya 2022 pia. Popote pale, kuchukua fedha kwa ajili ya mtoto ni kosa. Hata Juno, ukimsikiliza vizuri, anaulizwa habari za fedha na anakataa.

Bila shaka kuna njia ambayo filamu haina kabisa, na kwetu ndiyo kubwa kuliko zote: bibi. Mtoto anabaki kwa mama wa binti, binti anarudi shule, na mtoto anakua akimwita mama yake mzazi "dada." Ukoo mzima unajua, mtoto hajui. Nimeona inavyolea vizuri, na nimeona inavyolipuka kwenye msiba au kwenye posa. Wape vijana nafasi ya kusema juu ya hili. Katika sebule yenye watu wanane, usishangae ukikuta wawili wanalizungumza kwa uzoefu.

Sasa shule. Juno anatembea kwenye korido za shule na tumbo la miezi minane, watu wanampisha na kumkodolea macho, lakini dawati lake lipo. Filamu ilipotoka mwaka 2007, msichana wa Tanzania mwenye tumbo lile alikuwa anafukuzwa. Mlango ulifunguliwa Novemba 2021, serikali ilipotangaza kwamba waliojifungua waruhusiwe kurudi kwenye mfumo rasmi. Kenya ilikuwa na sera ya kuwarudisha tangu mwaka 1994, na mwaka 2020 ikatoa mwongozo mpya. Waambie wasichana hili waziwazi. Wapo mpaka leo wanaoamini kwamba mimba ni mwisho wa shule, na imani hiyo peke yake inawafanya wafiche mpaka mwezi wa sita.

Na wavulana waambie la kwao, ambalo kwenye filamu halipo hata kwa utani. Kenya, Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 2006 inampa aliyelala na msichana wa miaka 16 au 17 kifungo kisichopungua miaka 15. Tanzania, tangu mabadiliko ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016, kumpa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari ni kifungo cha miaka 30. Nilipolitaja hili kwa mara ya kwanza, mvulana mmoja aliacha kutafuna.

Mwisho wa hatua hii ni afya. Juno anajifungua salama na utani mdomoni. Kwa wasichana wa miaka 10 hadi 19, Shirika la Afya Duniani linasema hatari ya kifafa cha mimba na maambukizi baada ya kujifungua ni kubwa kuliko kwa wanawake wa miaka 20 hadi 24. Wafundishe dalili: kichwa kuuma sana kusikoisha, macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba. Akipata moja kati ya hizo, ni kituo cha afya siku hiyohiyo.

Hatua ya 7: Ikiwa kijana atakwambia, "Mimi pia"

Hii inatokea. Filamu imefungua mlango, na wewe ndiye uliyekaa karibu na mlango.

Kaa chini kabla ya kusema lolote. Kama umesimama, kaa. Mwambie umesikia. Usiulize "ni nani?" kwanza, swali hilo ndilo analoliogopa, na likitangulia atadanganya, na uongo wa kwanza utakuchukua miezi kuufumua. Uliza kwanza kama yuko salama, kama kuna mtu amemlazimisha au anamtisha. Uliza tarehe ya mwisho kuona siku zake. Uliza nani mwingine anajua. Ukishindwa kujizuia kulia, lia, lakini mwambie machozi ni yako, asiyabebe yeye.

Usimpigie mtu simu mbele yake. Mkubaliane nani ataambiwa na lini, na kama ni baba mkali, nenda wewe kwanza.

Kesho yake, kipimo cha mkojo kwenye kituo cha afya, hata kama alishapima mwenyewe. Juno alipima mara tatu siku moja, na ya tatu haikubadilika. Mwandikishe kliniki ndani ya wiki 12 za mwanzo kama bado zipo. Mahudhurio yanayopendekezwa ni yasiyopungua 8. Mtafute Bren wake, yaani mwanamke mmoja mzima atakayekwenda naye kila kliniki na kujibu kwa niaba yake pale atakapodharauliwa. Huyo mtu anaweza kuwa wewe.

Kama aliyempa mimba ni mtu mzima, au alimlazimisha, nenda Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi. Namba 116 ni simu ya bure ya msaada kwa mtoto, Tanzania na Kenya. Jirani, mwenyekiti wa mtaa au mzee wa ukoo wasikushawishi "mmalizane nyumbani" kwa mbuzi na fedha. Binti ndiye hasa hamalizani na kitu.

Uamuzi juu ya mtoto, kama atalelewa na mama yake, na bibi, au ataasiliwa, usifanywe wiki hiyo. Kwenye filamu Juno anapata familia haraka kwa sababu ni filamu na ina dakika 96. Nyinyi mna miezi.

Hatua ya 8: Ngoja

Baada ya hapo usirudie mada. Usitume ujumbe wenye mafunzo kwenye kundi la familia. Kama kuna lililobaki, litakuja lenyewe, kwa kawaida siku ya kazi, wakati umesahau.

Mimi lilinijia Jumanne. Nilikuwa nachambua mchele, na yule aliyelala mara ya kwanza, ambaye safari ya pili alikesha, akaja akachuchumaa upande wa pili wa ungo.

"Shangazi, yule Bleeker, hivi alijuaje kwamba Juno anajifungua?"

"Alitazama jukwaani hakumwona."

Akaanza kutoa mawe kwenye mchele upande wake. Tulichambua ungo mzima.

"Na kama angekuwa hamtafuti kwa macho?" akauliza.

Nikamwambia aongeze mchele mwingine, kilo ilikuwa haijafika nusu.